Nyumba ya Nyali: nikiuza nitadaiwa ushuru?

Kutoka Houston:

Salaam aleikum ndugu zangu. Nina nyumba Nyali, Mombasa, tuliinunua 2010 tukaishi humo mpaka 2016 tulipohamia huku. Tangu hapo ina wapangaji. Sasa imepata mnunuzi, na kakangu aliyeko nyumbani anasema nyumba uliyoishi mwenyewe haitozwi ushuru. Ni kweli?

Jibu kutoka Minneapolis:

Aleikum salaam dadangu. Kakako ameshika nusu ya sheria. Kenya humsamehe mwenye nyumba aliyekaa humo mfululizo kwa miaka 3 inayotangulia mauzo. Kwako miaka hiyo amekaa mpangaji, kwa hivyo msamaha umekupita hata kama watoto umewalea humo.

Utalipa asilimia 15 ya faida, si ya bei. Ilikuwa asilimia 5 tangu 2015, ikapandishwa Januari 2023, na wengi wetu bado tuna ile 5 kichwani. Tuseme mlinunua kwa milioni 8, ushuru wa stempu 320,000, wakili 120,000, kisha mkachimba kisima na kuongeza vyumba kwa 1,560,000. Jumla milioni 10. Mnauza milioni 20, dalali na wakili wanachukua 600,000. Faida ni milioni 9.4, ushuru 1,410,000. Sasa risiti za kisima na vyumba zikikosekana, ushuru unapanda kwa 234,000. Nakusihi, mtafute fundi na wakili wa zamani leo, kabla ya kuandika mkataba. Ila gharama uliyokwisha kuitoa kwenye hesabu ya pango haihesabiwi tena.

Na hilo pango lenyewe ulitazame. Asiye mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 30 ya pango lote, ile 7.5 ni ya wakazi. Kama umekuwa ukilipiwa ile ndogo, mwone mshauri wa ushuru kwanza.

Huku Marekani nako unadaiwa hesabu. Msamaha wao wataka uwe umeishi humo miaka 2 kati ya 5 ya mwisho, nao umekupita. Faida huhesabiwa kwa dola, kila tarehe na bei yake ya dola: 2010 dola ilikuwa kama shilingi 80, sasa ni kama 129. Milioni 8 zilikuwa dola 100,000. Milioni 20 leo ni kama 155,000. Kwa shilingi bei imezidi maradufu, kwa dola imeongezeka kwa nusu na kidogo. Lakini watakudai pia uchakavu wa nyumba, yaani thamani inayohesabiwa kupungua kila mwaka, kwa miaka yote ya kupangisha, hadi asilimia 25 ya kiasi hicho, hata kama hukuwahi kuudai kwenye fomu zako. Hakuna mkataba wa kodi kati ya Kenya na Marekani, ila sheria ya Marekani yenyewe yakuruhusu kupunguziwa kwa ushuru uliolipa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Hifadhi ile stakabadhi.

Kutoka Houston:

Shukran sana kaka. Dalali ashauri tuandike milioni 12 kwenye mkataba ili ushuru upungue.

Jibu kutoka Minneapolis:

Usikubali, dadangu. Mthamini wa serikali huitazama nyumba kwa ajili ya ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 mjini na hulipwa na mnunuzi. Mnunuzi naye angefaidika na bei ya chini, lakini jina la muuzaji linalobaki kwenye karatasi ni lako. Na utakapozileta pesa huku, benki itaomba mkataba: milioni 8 za ziada utasema zimetoka wapi? Ni udanganyifu mtupu. Mtafute dalali mwingine.

Kutoka Houston:

Nimekuelewa. Siwezi kusafiri mwaka huu, kakangu anaweza kutia sahihi kwa niaba yangu?

Jibu kutoka Minneapolis:

Anaweza, ukimpa hati ya uwakilishi. Itie sahihi mbele ya mthibitishaji wa hati hapo Houston, uipeleke kwa wakili wako Mombasa aisajili. Wakili akiwa anasubiri, alipe ada za kaunti na achukue cheti cha kutodaiwa, na kama ardhi ni ya kukodi serikalini, cha kodi ya ardhi pia. Hati ikisajiliwa ndipo kakako atie sahihi mkataba, si kabla.