Kesi yangu ya jimbo imehamishiwa mahakama ya shirikisho, ndiyo basi tena?

Mbeba_Boksi
Wakuu habari. Niko Illinois, kazi ya ghala, mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Januari niliteguka mgongo nikishusha friji, nikadai fidia. Wiki tatu baadaye nikafukuzwa, eti nimedanganya. Chama kikaniandikia hakipeleki shauri langu kwa mwamuzi. Mwezi uliopita nikafungua kesi mahakama ya kaunti. Jana imekuja bahasha nene: mwajiri kaihamishia mahakama ya shirikisho, anasema kifungu cha 301 cha sheria ya shirikisho ya kazi ya 1947 kinaipiku sheria ya jimbo, kesi ifutwe. Nimekwisha?

Mama_Wawili
Pole mdogo wangu. Kwenye madai uliandika nini hasa?

Mbeba_Boksi
Kwamba wamenilipizia kisasi kwa kudai fidia, dada. Ukurasa wa pili nikaongeza "bila sababu ya haki, kinyume cha mkataba wa hali bora", yaani ule wa chama na mwajiri.

Mama_Wawili
Huo ukurasa wa pili ndio uliowafungulia mlango. Mkataba wa chama unasomwa kwa sheria ya shirikisho, hata mbele ya jaji wa kaunti.

Kijana_wa_Joliet
Mambo ya chama yote ni NLRB bwana, ile bodi ya shirikisho ya mahusiano ya kazi, kesi ya Garmon 1959. Jimbo halina chake.

Mzee_Kanzu
Siyo yote. Garmon inahusu mambo kama mgomo na kujiunga na chama. Mbeba_Boksi, soma kesi ya Lingle, 1988, ya hapo hapo Illinois. Mama wa kiwandani kaumia kazini, kadai fidia, kafukuzwa kwa "uongo". Mahakama ya Juu, majaji wote, ikasema kujua kwa nini alifukuzwa hakuhitaji kufungua mkataba, kwa hiyo dai lake la jimbo linasimama. Yako pacha wake. Na Januari 2025, kwenye kesi ya chakula cha mbwa (ndiyo, mbwa), wakaamua kwamba ukifuta madai ya shirikisho kesi inarudi jimboni.

Mama_Wawili
Ila ukifuta dai la mkataba ovyo utalipoteza. Hilo ulishtakie shirikisho, mwajiri pamoja na chama kilichokutelekeza. Muda ni miezi sita tu, tangu kesi ya DelCostello 1983. Barua ya chama uliipata lini?

Mbeba_Boksi
Nilikabidhiwa mkononi 11 Machi. Leo 2 Septemba.

Mzee_Kanzu
Zimebaki siku tisa. Wakili kesho asubuhi, na hiyo barua uende nayo.