Majani hayashiki kwenye kitambaa, nakosea wapi?

FundiTandika: Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani, nimechoka na nta ya batiki, nikasema nijaribu kuchapa kwa majani. Nilinunua mita nne za kitambaa cha marekani Kariakoo, muuzaji akaapa ni pamba tupu. Nikalowesha kwenye maji ya shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, nikapanga majani ya miti ya mkungu, mpera na mwarobaini, nikaviringisha kwenye kipande cha bomba, nikafunga kamba, nikachemsha saa nzima. Kufungua: madoa ya njano, utadhani mtoto kamwaga chai. Kufua mara moja, na hayo yakaenda! Mkaa wa buku mbili bure.

BiBatiki: Pole mwanangu. Tuanze na kitambaa. Chomoa uzi, uchome kwa kiberiti. Ukinuka karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka ukaacha punje ngumu nyeusi, umeuziwa tetroni, yaani polista, na hiyo haishiki majani hata uichemshe mpaka Idi.

FundiTandika: Nimechoma sasa hivi. Majivu.

BiBatiki: Basi tumwache muuzaji. Marekani mpya imejaa wanga wa kiwandani, ichemshe kwanza na magadi na sabuni. Maji yatakuwa ya kahawia, mwaga. Halafu pamba si hariri. Hariri inapokea shabu moja kwa moja. Pamba inataka tanini kwanza, ule ukakasi unaobana ulimi. Mimi nachemsha maganda ya komamanga, nalowesha usiku kucha, ndipo shabu.

Majani ya mkungu yachovye kwenye maji ya kutu: misumari ya kutu ndani ya siki na maji, wiki nzima. Yafute yasidondoshe maji, ulaze upande wa mishipa juu ya kitambaa. Tanini ya jani ikikutana na chuma inakuwa nyeusi. Ila kutu kidogo tu! Niliwahi kuzidisha, shuka ikachanika mikononi kama gazeti. Funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kamba inalegea. Weka juu ya mvuke, usitumbukize, saa mbili. Fungua kesho yake.

Mzigua_wa_Muheza: Tafuta na majani machanga ya mtiki. Lisugue moja, vidole vinakuwa vyekundu hapohapo. Huku kwetu tele.

Kijana_Ilala: Manjano ya jikoni je?

BiBatiki: Inang'aa siku mbili, jua la Dar likiipiga inakimbia.

FundiTandika: MREJESHO. Bibi, ubarikiwe! Mkungu umetoka na mishipa yote, hadi tundu alilokula mdudu lipo kwenye kitambaa. Mpera umetoa kijivu hafifu, si haba. Mwarobaini umegoma kabisa. Sasa mume wangu anaulizia sufuria yake ya pilau.

BiBatiki: Mnunulie nyingine. Hiyo yenye shabu na kutu isirudi jikoni.