Bolti za chini ya shokapu zimegoma (Corolla NZE121), nifanyeje kabla sijaharibu zaidi?

MwalimuWaHesabu, Tanga

Wakuu, habari za Jumapili. Nina Corolla NZE121, naishi Raskazone, bahari naiona nikiwa kibarazani. Wiki iliyopita nilikuwa naingia getini nikasikia "twang!" mbele kushoto. Nikajua jiwe. Jana nimevua tairi, kumbe springi imekatika mzunguko wa chini kabisa, kipande cha urefu wa kidole kimelala kwenye kisahani chake.

Nimenunua springi mbili za mtumba na nimeazima kibano cha springi kwa jirani. Nati tatu za juu, zile za chini ya boneti, zilitoka bila ubishi. Ila bolti mbili za chini za spana 19, zile zinazoshika shokapu na chuma kinachobeba habu, zimekataa katakata. Nimepuliza dawa ya kopo, nikachomeka bomba la maji la futi nne kwenye mkono wa boksi (soketi), nikasimama juu yake na kilo zangu 84. Boksi likachomoka, nikaenda chini, ngozi ya vidole ikabaki kwenye fenda. Nati moja imeanza kuliwa pembe. Stablaiza linki, kile kifimbo kinachounganisha shokapu na stablaiza, nayo ukizungusha nati inazunguka yote kama feni.

Nitumie moto au grainda? Na kibano chenyewe ndoano moja imepinda kidogo, kitafaa? Mama watoto ameshauliza mara tatu gari linashuka lini kwenye mawe.

Kibajaji

Mkuu, peleka gereji. Hela ya fundi haijawahi kuzidi hela ya hospitali.

BabuBoksi

Mwalimu, umeandika neno "mawe" halafu ukapita kama si kitu. Jiwe linapasuka bila kuaga. Kabla hujagusa bolti yoyote, tafuta stendi za chuma, azima hata za gereji ya mtaani, na tairi ulilolivua lisukume chini ya bodi. Likianguka litue kwenye tairi, lisitue juu yako.

La pili, kibano chenye ndoano iliyopinda rudisha. Mimi nimekaa gereji ya mabasi miaka 31. Kijana mmoja pale kwetu alifungua nati ya katikati ya shokapu springi ikiwa haijabanwa sawasawa, kifuniko cha juu kikapanda kikatoboa bati la paa. Bahati yake alikuwa ameinama kuokota spana. Tafuta vibano viwili vizima, viweke vikitazamana, bana huku mizunguko miwili na kule mizunguko miwili, usimalize upande mmoja kwanza. Springi ikianza kucheza kwenye visahani vyake, hapo ndipo unagusa nati ya katikati, na uso wako usiwe juu yake.

Sasa bolti. Dawa ya kopo ya kawaida ni nyepesi, inakauka kabla haijafika ndani. Changanya hydroliki ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu kwenye kichupa, tikisa kila unapotaka kutia maana havikai pamoja, na usivute sigara karibu. Sugua kwanza thredi zilizochomoza kwa brashi ya waya, la sivyo utakuwa unalainisha kutu ya nje tu. Tia leo jioni, tia kesho asubuhi, tia kesho jioni. Kila ukitia, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo makavu mafupi. Mtikisiko unapasua kutu, mafuta yanapata njia.

Siku ya kufungua, weka boksi la pembe sita. Hilo lako naamini ni la pembe kumi na mbili, ndilo limekula nati. Shika kichwa cha bolti kisizunguke, zungusha nati. Anza kwa kukaza kidogo, ndiyo, kukaza, mpaka usikie imeshtuka, halafu ndiyo ulegeze. Ikija robo mzunguko usishangilie: irudishe, tia mafuta, ije tena. Ukiivuta moja kwa moja kutu inajikusanya kwenye thredi na inakwama katikati.

Moto ni wa mwisho. Pale pana mpira wa breki, waya wa ABS, mpira wa eksli, na shokapu yenyewe ina gesi na mafuta ndani, ukiichemsha unaitafuta ajali. Futa mafuta yote kwanza, ziba kwa bati na kitambaa chenye maji, ndoo ya maji pembeni. Pasha nati tu, kwa muda mfupi, ili itanuke kuliko bolti. Kisha gusisha mshumaa kwenye thredi. Nta inayeyuka na kunywewa ndani. Nilikuwa nacheka wazee wakifanya hivyo mpaka nilipoona inafanya kazi.

Nati ikitoka na bolti ikang'ang'ania tundu, usigonge thredi tupu. Rudisha nati ilingane na ncha, ndipo ugonge.

SpeaZaMama, Gerezani

Kaka, hiyo linki usipoteze nayo usiku. Katikati ya msumari wake kuna tundu la alenki ya milimita 6, shikilia hapo huku ukizungusha nati kwa spana ya ringi. Tundu likishaliwa, kata kwa grainda uweke mpya, ni kati ya vitu vya bei ndogo chini ya gari hilo.

Mimi nina wasiwasi na hizo springi. Wateja wengi wanachukua za mtumba kwa kuangalia urefu tu. Angalia unene wa waya, hesabu mizunguko, na tazama alama za rangi. Ulizonunua zimetoka gari la injini ya 1NZ au ya 1ZZ? Uzito wa mbele si mmoja. Na kama gari zilikotoka lilikuwa sehemu za theluji Japani, kule wanamwaga chumvi barabarani: kwaruza rangi uone kama waya haujaliwa, usije ukabadilisha iliyokatika kwa inayokaribia kukatika.

MwalimuWaHesabu, Tanga

BabuBoksi, shikamoo. Stendi nimepata. Dada, springi moja ilikuwa na shimo la kutu lenye ukubwa wa punje ya mchele. Muuzaji amebadilisha, baada ya maneno mengi.

BabuBoksi

Marahaba. Shokapu likitoka, funga habu kwa waya kwenye bodi, usiiache ining'inie kwa mpira wa breki. Kabla ya hapo chora mstari kwa msumari kwenye maungio, maana matundu yale yana nafasi kidogo na tairi litarudi limeinama. Ncha ya springi iingie kwenye kituo chake kwenye kisahani. Kwa spana ya kupimia nguvu, bolti za chini kaza Nm (nyutonimita) 153, nati za tairi Nm 103. Kulia nako badilisha, hata kama ile ni nzima. Kisha alaimenti (kupima na kunyoosha mkao wa tairi), usiiruke.

MwalimuWaHesabu, Tanga

Mrejesho, Jumamosi saa kumi jioni. Bolti ya kwanza ilitoka siku ya tatu bila moto. Ililia "kaa!" nikadhani imekatika. Ya pili, ile iliyoliwa, ilitaka moto na mshumaa, na boksi nililigongelea kwa nyundo. Linki nimeikata. Upande wa kulia nilitumia nusu saa tu: kuna mtu aliwahi kufungua akapaka grisi, Mungu ambariki popote alipo. Usukani ulikuwa unavuta kushoto mpaka nilipopeleka alaimenti.

Kibano nimemrudishia jirani, nikamwambia asimwazime mtu tena. Akaniambia na yeye ameazima.