Datsun 240Z: joto la chumba cha injini, na gari kukataa kuwaka baada ya kuzimwa

Swali, kutoka kwa Zed wa Ukunda

Waungwana, salamu. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani kulia, ikiwa bado na injini yake ya asili ya L24 na kabureta zake mbili za Hitachi. Naishi Ukunda na kazi yangu iko kisiwani Mombasa, hivyo karibu kila siku hupita feri ya Likoni, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia. Gari likiwa mwendoni halina tabu yoyote, na mshale wa joto la maji hukaa katikati bila kutikisika. Lakini nikikaa kwenye foleni robo saa injini ikinguruma, kisha nikaizima ndani ya feri, tukifika ng'ambo haiwaki. Starta huzungusha vizuri, injini hukohoa mara mbili tatu, hutoa harufu kali ya petroli, halafu kimya. Wiki iliyopita mahamali wa mikokoteni walinisukuma hadi juu ya mwinuko wa kutokea, na waliokuwa nyuma yangu wakapiga honi kana kwamba nimewazibia njia kwa makusudi.

Fundi amenifungia rejeta kubwa zaidi ya alumini, na themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto, ameitoa kabisa. Hakuna kilichobadilika isipokuwa asubuhi injini inachelewa kupata moto. Sasa anashauri tutoboe boneti ili joto lipate pa kutokea. Boneti hiyo ni ya asili na haina kutu hata chembe, kwa hiyo moyo wangu unasita. Je, kuna njia ya kupunguza joto la chumba cha injini bila kuiharibu?

Jibu, kutoka kwa Fundi Kabureta, Nairobi

Ndugu Zed, weka tindo chini kwanza. Umekwisha kutuambia mwenyewe kwamba mshale wa maji hautikisiki, maana yake maji hayajawahi kuwa tatizo, na ile rejeta mpya imetibu ugonjwa ambao gari halikuwa nao. Kinachochemka kwako ni petroli.

Fungua boneti utazame upande wa kushoto wa injini. Katika L24 njia za kuingiza hewa na njia za kutoa moshi zote ziko upande mmoja wa kichwa cha silinda, kwa hiyo kabureta zimekaa juu ya manifoldi ya ekzosi, yaani chuma kinachokusanya moshi wa silinda, kama sufuria juu ya jiko. Gari likitembea, upepo na petroli mpya inayopita huzipoza. Ukizima, feni imesimama, maji yamesimama, petroli haisogei tena, ilhali chuma cha manifoldi bado kina moto mkali unaopanda moja kwa moja juu. Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 35 hadi 40 hivi, na vibakuli vya kabureta, vinavyohifadhi petroli, hupita kiwango hicho upesi sana. Ndiyo maana gari huwa baya zaidi dakika kumi baada ya kuzimwa kuliko wakati wa kuzimwa. Huku kwetu, karibu mita 1,800 juu ya bahari, petroli huchemka mapema zaidi, kwa hiyo ugonjwa huu tunaufahamu sana.

Harufu unayoisikia ni ushahidi mkubwa. Kama mvuke ungekuwa umeziba bomba, injini ingekosa petroli na usingesikia harufu yoyote. Kwako petroli imechemka ndani ya vibakuli, ikafurika hadi kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, na injini inazama kwa petroli. Ikitokea tena, usiguse choki. Kanyaga mafuta hadi chini, uache mguu hapo bila kupampu, kisha piga starta mpaka ishike.

Sasa nina maswali. Je, lile bati la kukinga joto lililo kati ya kabureta na ekzosi bado lipo? Je, zile spesa nene za plastiki ngumu kati ya kabureta na manifoldi ya kuingiza hewa zipo, au kuna mtu aliyeweka gasketi za karatasi peke yake? Magari mengi niliyoyapokea yalikuwa yamepoteza vitu hivyo siku injini iliposhushwa, kwa sababu fundi aliona ni bati tu lenye kutu. Na themostati irudishwe leo: kitabu cha gari hutaja ya nyuzi 82, na ya 76.5 kwa nchi za joto.

Jibu, kutoka kwa Mzee wa Raskazone, Tanga

Nakubaliana na fundi, ila naongeza mawili yaliyonisaidia katika 260Z yangu. La kwanza, weka wosha nne nene chini ya bawaba za boneti ili ukingo wake wa nyuma uinuke sentimeta moja na nusu, hewa ya moto itoke hapo bila kutoboa chochote. La pili, ifunge ekzosi kwa ile bendeji ya nyuzi za kioo, kwa maana joto likibaki ndani ya bomba halitaifikia kabureta. Na tusiyaonee magari haya: 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 ikiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews.

Jibu, kutoka kwa Fundi Kabureta, Nairobi

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapa nitakupinga kidogo. Gari likiwa limesimama, mwanya wa nyuma ya boneti kweli hutoa joto. Likiwa mwendoni hali hugeuka, kwa sababu chini ya kioo cha mbele upepo hujikusanya na kusukuma, badala ya kunyonya, na matundu ya hewa ya abiria yako papo hapo. Wengi walioinua boneti namna hiyo hulalamika baadaye kwamba ndani ya gari kunanuka oili.

Kuhusu bendeji, sikatai kwamba inapunguza joto, lakini hunyonya unyevu na kuukumbatia kwenye chuma, na huko pwani chumvi ya hewani itamaliza ekzosi ya chuma cha kawaida kabla hujaifurahia. Ikidondokewa na oili kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, inaweza kushika moto. Kama pesa ipo, afadhali ekzosi ipakwe seramiki. Magari ya Safari yalishinda yakiwa yanakimbia, mzee wangu. Sidhani kama yalisubiri feri.

Ndugu Zed, jambo moja nililolisahau ni taiming, yaani wakati cheche inapopigwa. Ikiwa imerudishwa nyuma, au kimpira cha vakyumu cha distributa, kile kigawanya umeme wa cheche, kimepasuka, moto huendelea kuwaka hadi wakati valvu ya ekzosi inapofunguka, na manifoldi ya ekzosi hupata joto lisilo lake. Hilo halikugharimu zaidi ya taa ya taiming na nusu saa.

Jibu, kutoka kwa Zed wa Ukunda

Nimerudi baada ya wiki tatu. Bati la kinga halikuwepo. Matundu yake ya skrubu yapo, yamejaa uchafu wa miaka. Spesa moja ilikuwepo, ya kabureta ya nyuma, iliyopasuka. Kimpira cha vakyumu kilikatika mkononi mwangu kama biskuti.

Nilimpelekea fundi wa mabati wa Ukunda mchoro wa kadibodi, akanikatia kinga ya alumini inayopita chini ya vibakuli vyote viwili, tukaiacha na nafasi ya kidole juu ya ekzosi ili isiguse. Spesa nimeagiza mpya. Yale maji ya moto yanayopitishwa kwenye manifoldi ya kuingiza hewa ili kuzipa kabureta joto nimeyaziba, maana baridi ya kugandisha kabureta haijawahi kufika Kwale. Bomba la petroli linalopita mbele ya kichwa cha silinda nimelivika soksi ya kuzuia joto. Themostati ya 76.5 imerudi, na taiming imewekwa kama kitabu kinavyosema.

Zamani nikizima gari na kutazama kichujio cha petroli, kile cha plastiki inayoonyesha ndani, niliona mapovu yakipanda kama chai inayokaribia kuchemka. Jumamosi nilitazama tena baada ya foleni ya dakika ishirini, nikaona mapovu mawili tu, kisha petroli ikatulia. Ng'ambo liliwaka nilipojaribu mara ya pili, mguu ukiwa chini kama nilivyoelekezwa.

Ila jana, saa nane mchana, lilinisumbua tena kidogo. Je, niweke pampu ya umeme karibu na tangi?

Jibu, kutoka kwa Fundi Kabureta, Nairobi

Itasaidia bombani, kwa sababu petroli inayosukumwa kutoka nyuma haitoi mvuke kwa urahisi kama inayonyonywa na pampu iliyofungwa kwenye injini yenye moto. Lakini kabureta hizo hazihitaji zaidi ya psi 3 au 4 za shinikizo la petroli, kwa hiyo weka regyuleta ya kulidhibiti, na pia swichi ya kukata umeme wa pampu gari likigongwa. Bomba la kurudisha petroli kwenye tangi lisizibwe kamwe.

Kabla ya hayo yote, jaribu kafeni kadogo kanakopulizia kabureta kwa dakika chache baada ya kuzima. Nissan wenyewe, watengenezaji wa Datsun, waliweka kitu cha namna hiyo kwenye baadhi ya 280ZX ili kupoza injekta zinazopulizia petroli badala ya kabureta. Hakikisha tu betri yako ni nzima, maana ukiikuta imelala ndani ya feri, mahamali wale wale watakutambua.