Gomesi ya kwanjula kwa mwili mnene: nishone vipi ili niwe huru?

Mwalimu wa Jinja

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Jinja, nina umri wa miaka 34, na nimekuwa mnene tangu usichana wangu. Mwezi wa 12 kuna kwanjula ya mdogo wangu huko Masaka, yaani sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa msichana, nami nitakuwa miongoni mwa wanawake watakaotoka mbele ya wageni wakiwa wamevaa gomesi, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda, wapige magoti na kuwasalimu.

Wiki iliyopita nilikwenda kupimwa. Fundi alinizungushia futikamba nyongani, kisha akamtangazia msaidizi wake aliyekuwa upande wa pili wa chumba: "Hamsini na mbili!" Wateja watatu wakageuka kunitazama. Nilichukua kitambaa changu nikaondoka bila hata kuuliza bei ya kushona. Kabatini nina nguo nne zisizonienea, ambazo nilizinunua nikitumaini kwamba nitapungua. Naomba mnieleze gomesi ya mtu wa umbo langu inashonwaje ikae vizuri, na ninyi mlio wanene kama mimi mnasimamaje mbele ya watu bila kutamani kujificha?

Fundi wa Kiyembe

Pole sana, dada. Mimi ni fundi cherehani Kampala, karibu na maduka ya vitambaa ya Kiyembe, na ningependa kwanza kukuomba radhi kwa ajili ya kazi yetu, kwa kuwa vipimo vya mteja huandikwa daftarini, havitangazwi. Una haki ya kumwambia fundi kabla hajaanza: "Naomba uandike, usitaje." Fundi atakayekasirishwa na maneno hayo, mwache.

Hamsini na mbili ni inchi za kitambaa, nazo zinaniambia nikate wapi, basi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mteja kubana tumbo na kuzuia pumzi anapopimwa, kisha siku ya sherehe anapumua kama binadamu yeyote na mshono unaachia. Pumua kawaida. Vaa sidiria ileile utakayoivaa siku hiyo, kwa sababu sidiria iliyolegea hushusha kifua na kubadilisha kipimo chote cha juu. Pimwa ukiwa umesimama, kisha ukiwa umeketi, kwa sababu nyonga hutanuka mtu anapoketi; na kwa kuwa utapiga magoti, piga magoti palepale mbele ya fundi, umwonyeshe unavyoinuka. Mwombe aache akiba ya inchi moja na nusu ndani ya kila mshono wa ubavuni.

Gomesi yenyewe iko upande wako. Ni vazi la kitambaa kingi, huweza kula hadi mita 6, nalo hufungwa kwa mshipi mpana chini ya kiuno, juu ya nyonga. Wanawake wembamba hujifunga kikoyi kizito, yaani kitambaa cha ndani, chini yake ili nyonga zao zionekane zimejaa. Wewe huhitaji hilo, kwa hiyo chagua kikoyi chepesi cha pamba, kizuie tu kitambaa kisikushike miguuni. Palipo pagumu ni mabegani. Ncha za gomesi zinazoinuka mabegani zinapaswa kuanzia pale mfupa wa bega unapoishia. Fundi akizipeleka nje zaidi kwa kudhani kwamba mtu mnene ana mabega mapana, shingo ya gomesi, ambayo ni ya mraba, itateleza na utashinda siku nzima ukiivuta. Mafundi wengi hukosea hapo hata kwa wateja wanaowafahamu. Kuhusu kitambaa, poliesta inayong'aa huhifadhi joto, na kwanjula huchukua saa nyingi chini ya hema. Pamba laini au hariri hupitisha hewa zaidi.

Mama Kasese

Mwanangu, nakubaliana na fundi, ila naongeza mambo ambayo watu huona haya kuyataja. Mapaja yanayosuguana huchubuka, na mtu mwenye michubuko hawezi kutembea kwa madaha. Vaa taiti fupi ya pamba inayofika karibu na goti, na uijaribu siku moja nzima kabla ya safari. Viatu viwe na kisigino kifupi na kipana, kwani utasimama kwenye nyasi.

Jambo la pili: usinunue tena nguo ya mwili ambao huna. Mimi nilivaa nyeusi kwa miaka kumi kwa kuwa niliambiwa inapunguza umbo, hadi binti yangu aliponiletea kitenge cha manjano kutoka Kampala na kuniambia kwamba hajawahi kuona rangi usoni mwangu. Mitumba ya soko la Owino, Kampala, pia usiidharau: chagua vazi linalokuenea sehemu yako pana kuliko zote, kisha mpe fundi apunguze kwingine, maana kupunguza ni rahisi na kuongeza karibu hakuwezekani.

Binti wa Mbarara

Dada yangu, mimi nazungumzia macho ya watu. Nimekulia Ankole, magharibi mwa Uganda, ambako kwa wafugaji wa Kihima wa zamani msichana aliyeposwa alinyweshwa maziwa mengi ili anenepe kabla ya arusi. Leo shangazi walewale wanaosimulia habari hizo kwa fahari ndio wanaoniuliza kwa nini sipungui. Mwaka 2019 waziri wa nchi wa utalii alizindua shindano la urembo la wanawake wenye maumbo makubwa na kuwataja kuwa kivutio cha watalii, na wanawake wengi walikasirika, nami nilikuwa mmoja wao. Anayenicheka na anayetaka kunionyesha kwa wageni wananitendea jambo moja, kwa sababu wote wawili wanadhani mwili wangu ni wa watazamaji.

Jamaa akikwambia "umenenepa", huenda anakusifu na huenda anakuchoma, mimi hujibu, "Nashukuru, nipo salama, za nyumbani?" na kuendelea na salamu. Sijielezi, na mazungumzo huhama.

Mwalimu wa Jinja

Asanteni nyote. Jana nilikwenda kwa fundi mwingine, mama wa makamo, nikamwomba aandike bila kutaja. Aliandika kwa penseli, akafunga mlango, kisha akanitandikia mkeka nipige magoti. Kutoka kusimama hadi magotini nyonga ziliongezeka inchi mbili na nusu. Pengine hiyo ndiyo sababu sketi zangu zimekuwa zikipasuka darasani ninapoinama kusahihisha madaftari. Nimechagua hariri ya rangi ya machungwa. Zile nguo nne nimempelekea binti wa jirani anayeanza chuo, na mbili zimemkaa vizuri sana.