Naombeni ushauri, insha ya Common App niandike kuhusu nini?

Wakuu habari zenu, nimemaliza form six naomba vyuo vya Marekani kupitia Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi), insha mwisho maneno 650 na vyuo vingi dedlaini ni tarehe 1 Januari. Nina mawili kichwani. Msiba wa baba, ila kila nikianza naishia kulia na naona kama naomba huruma. La pili daftari la madeni la mama, anauza samaki soko la Feri, Dar, mi ndo nilikuwa naliandika tangu darasa la nne, kurasa zina magamba yaliyogandia mpaka leo na wateja wengine tuliwaandika "dada wa kanga nyekundu" maana majina hatuyajui. Hapo ndo nilipoanza kupenda hesabu. Moyo unanivuta kwenye daftari ila naogopa wataona kitu kidogo. Mliowahi kuomba, mngechagua lipi? Na baba nimtaje hata sentensi moja au nimwache kabisa?