Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Swali
Ndugu zangu, naomba msaada kuhusu namba 4,294,967,297, inayopatikana kwa kujumlisha 1 na 2 yenye kipeo cha 32. Nimeigawanya kwa kila namba tasa iliyo chini ya 100 na mara zote imebakiza. Kwa kuwa kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kidogo, kuendelea hivyo hadi mwisho ni kazi kubwa mno. Je, ni tasa? Kama sivyo, kigawo chake kinapatikanaje bila kubahatisha?

Jibu
Si tasa, ingawa mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini kwamba ni tasa, kwa kuwa namba zinazoitangulia katika mfuatano wake (1 ikijumlishwa na 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16), yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Kwa kanuni ya Euler, kila kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kinapogawanywa kwa 64. Kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449 na 577, na ya tano ndiyo 641.

Jibu
Uthibitisho ninaoupenda zaidi hauhitaji hata kugawanya. Kwa kuwa 641 = 5 × 2^7 + 1 (2^7 ni 2 yenye kipeo cha 7), basi tukihesabu kwa mabaki ya 641, yaani namba mbili ni sawa zikibakiza kiasi kilekile zinapogawanywa kwa 641, 5 × 2^7 ni sawa na −1, na kwa kipeo cha nne tunapata kwamba 5^4 × 2^28 ni sawa na 1. Lakini 641 ni 5^4 + 2^4 vilevile, hivyo 5^4 ni sawa na −2^4. Ukiiweka mahali pake, −2^32 inakuwa sawa na 1, yaani 2^32 + 1 haibakizi kitu. Inapendeza sana!

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, 6,700,417, inayopatikana ukiigawanya namba yangu kwa 641, inagawanyika tena?

Jibu
Haigawanyiki. Édouard Lucas aliikaza zaidi kanuni ya Euler, akaweka 128 badala ya 64. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589, hivyo za kujaribu ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. Ya kwanza inaondoka mara moja, kwa sababu 2^8 ni sawa na −1 kwa mabaki ya 257, na hivyo namba yako nzima hubakiza 2. Nyingine nne, zikiigawanya 6,700,417, hubakiza 44, 120, 334 na 622 kwa mpangilio huo.